INJINI IKIFA NJIANI: ITENGENEZWE AU IJENGWE UPYA?

Atokaye Bujumbura kwenda Rumonge kwa Barabara ya Taifa Nambari 3 husafiri kati ya mlima na maji. Mkono wa kushoto upo mlima, mkono wa kulia lipo Ziwa Tanganyika, na pale Gitaza nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo ni ndogo mno. Mwezi Machi 2015 udongo wa mlima uliporomoka. Watu walikufa na barabara ikakatika. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa ndilo lililopanda, maji yakaingia katika makazi ya watu Gatumba na Rumonge. Gari la kikosi lipitapo njia hiyo hubeba askari, au chakula chao, au mgonjwa anayewahishwa hospitali. Injini ikifa mahali kama hapo, dereva hana pa kuegesha, na walio nyuma yake hawana pa kupita.

Gari likisha kuvutwa hadi gereji, huzuka swali ambalo jibu lake hutolewa haraka kuliko inavyofaa. Je, ibadilishwe ile sehemu iliyoharibika tu, ili gari lirudi kazini kesho? Au injini ishushwe, ifunguliwe yote, ipimwe na kujengwa upya, kazi ambayo huchukua majuma na kula fedha nyingi? Wengi hudhani kuwa hilo ni swali la fundi peke yake. Siku hizi limekuwa swali la amiri, la mhasibu na la dereva pia.

Sababu zake ni dhahiri. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imepata taabu ya mafuta mara kwa mara, na taabu hiyo ilizidi katika miaka iliyofuata. Mwezi Mei 2023 faranga ilishushwa thamani mbele ya dola, ilhali spea hununuliwa kwa dola. Aidha, Burundi haina bandari ya bahari. Seti ya pistoni iliyoagizwa ng'ambo aghalabu hushukia Dar es Salaam, kisha huja kwa lori, au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka ziwa. Kwa hiyo anayekosea katika uchaguzi huu hulipa mara tatu: hulipa kwa fedha, hulipa kwa muda, na hulipa kwa kazi ambayo haikufanyika.

SEHEMU ILIYOHARIBIKA NI SHAHIDI

Ndugu zetu wa polisi wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Mtu aliyekutwa mahali pa tukio si lazima awe ndiye mtenda kosa. Huenda yeye ni shahidi tu, au ndiye aliyedhulumiwa. Kadhalika sehemu iliyovunjika ndani ya injini. Mara nyingi haikujivunja yenyewe, bali ilivunjwa na kasoro nyingine iliyojificha. Anayeitupa jalalani na kufunga mpya bila kuuliza swali hata moja, amemfukuza shahidi na kumwacha mkosaji ndani ya nyumba.

Tuchukue mfano. Gari limechemsha njiani, na gereji ikagundua kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Gasketi si kitu cha bei kubwa. Fundi aifunga mpya, gari laondoka, na baada ya mwezi mmoja larudi likiwa na ugonjwa ule ule, mara hii hedi yenyewe ikiwa imepinda. Kisa ni nini? Rejeta ilikuwa imeziba. Na kwa nini iliziba? Kwa sababu kila lilipopungukiwa maji, dereva alishuka ufukoni na kuchota ziwani. Maji ya Tanganyika ni ya alkali na yana madini mengi yaliyoyeyuka, hasa magnesi. Yakichemka kila siku ndani ya rejeta huacha ukoko, kama ule uonekanao ndani ya birika la zamani. Gasketi ilikuwa shahidi. Mkosaji alikuwa ukoko, na nyuma ya ukoko ilikuwa desturi mbaya.

Mfano wa pili watoka katika taabu ya mafuta. Mafuta yakiadimika, watu hununua ya madumu, yaliyopita mikono mingi na vyombo vingi. Humo mna maji, mna mchanga, na pengine mna mafuta ya taa. Nozeli ya dizeli, ambayo tundu zake ni nyembamba mno, huharibika mapema kwa uchafu huo. Badala ya kunyunyiza mafuta kama ukungu, huyamwaga kama mfereji, nayo huwaka juu ya pistoni hadi kuitoboa. Fundi akibadili pistoni bila kuzipima nozeli zote, ameiweka pistoni mpya chini ya moto ule ule.

Upo pia upande wa pili, ambapo shahidi hutuambia kwamba kosa lilikuwa moja tu na limekwisha. Injini ya Toyota aina ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, inajulikana na madereva wa vikosi kote katika nchi za Maziwa Makuu. Valvu zake huendeshwa na mkanda wa taimingi, ambao kwa desturi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukiachwa hadi kukatika, valvu hugongana na pistoni. Msiba huu hutisha kwa sauti yake, lakini mara nyingi madhara yake hubaki juu, katika hedi. Ikiwa pistoni, silinda na krenki vikikaguliwa huonekana vizima, hapana haja ya kuijenga upya injini nzima. Itengenezwe hedi, ufungwe mkanda mpya, na aulizwe mwenye daftari la gari kwa nini kilomita zilipita bila kuandikwa.

USHAHIDI HUPIMWA, HAUKISIWI

Upelelezi wa injini una hatua zake, na za mwanzo hazihitaji mitambo mikubwa.

La kwanza ni moshi. Moshi wa bluu huonyesha kwamba injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata joto huweza kuonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi huonyesha mafuta yaliyozidi au hewa iliyopungua. Katika hali zote tatu, moshi peke yake hautoshi kuhukumu. Hutuelekeza tu pa kutazama.

La pili ni oili. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Kisha kichujio cha oili kikatwe na kufunguliwa. Zikionekana chembe zinazong'aa za chuma, beringi zinalika, na injini hiyo isiwashwe tena hadi krenki itazamwe. Injini iliyokwisha kunoki haiponi kwa kuongezewa oili nzito. Oili nzito huificha sauti kwa siku chache tu.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Hapa ndipo uamuzi huanza kujitokeza wenyewe. Silinda moja ikiwa dhaifu na tano zikiwa na nguvu sawasawa, kosa ni la mahali pamoja: valvu imeungua, au ringi imevunjika, au pistoni imetoboka. Mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu, huenda gasketi imeungua kati yake. Lakini zote sita zikiwa zimeshuka chini ya kiwango cha kitabu, hapo hapana sehemu moja ya kulaumiwa. Injini imechoka yote. Katika injini nyingi za dizeli tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi kiasi cha kilo 5 kwa sentimita mraba. Lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Waliohudumu Somalia tangu Desemba 2007 watakumbuka jinsi vumbi lilivyo adui. Kichujio cha hewa kikipasuka, au mpira wake ukilegea, vumbi huingia na kusugua silinda zote kama msasa. Uharibifu wa namna hiyo hauna tiba ya kipande kimoja. Kanuni, basi, ni nyepesi kuikumbuka: kosa la mahali pamoja hutengenezwa, uchakavu ulioenea hujengwa upya.

Ikiamuliwa kwamba injini ifunguliwe, silinda zipimwe kwa maikromita juu, katikati na chini, tena kwa pande mbili, ili ijulikane kama zimekuwa za yai au zimepanuka upande wa juu. Silinda ya 1HZ ina kipenyo cha milimita 94. Ikichongwa kwa nusu milimita, hutaka pistoni kubwa zaidi kwa kiasi hicho hicho. Hapa gereji nyingi hukosea: silinda huchongwa kwanza, kisha pistoni zikatafutwa madukani. Zikikosekana, injini iliyokuwa mgonjwa imekuwa maiti. Pistoni ziwe mkononi kwanza. Mashine ya kuchonga ifuate.

MAJI YA GITAZA

Kuna uharibifu mmoja ambao wana wa pwani ya Tanganyika hawana budi kuujua kuliko wenzao wa milimani. Maji yanapofunika barabara, dereva shujaa hukanyaga mafuta na kupita. Injini ikivuta maji kwa njia ya hewa, pistoni hupanda na kukuta kitu kisichogandamizika. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Ndipo mkono wa pistoni unapopinda.

Hatari kubwa ni pale injini inapowaka tena. Maji yametolewa, gari limeunguruma, watu wamefurahi. Kumbe mkono mmoja umepinda kwa kiasi kidogo tu, nao hufanya kazi kwa siku, pengine kwa majuma, hadi uvunjike na kutoboa bloku. Bloku ikitobolewa, suala la kutengeneza au kujenga upya limekwisha. Iliyobaki ni kutafuta injini nyingine. Gari lililozimika ndani ya maji lisipigwe stata hata mara moja. Livutwe, nozeli au plagi zitolewe, maji yatoke, krenki izungushwe kwa mkono, na mgandamizo upimwe kabla ya safari. Silinda moja ikionyesha mgandamizo mdogo kuliko wenzake, ifunguliwe na mkono wake upimwe unyofu. Huo ni utengenezaji mdogo unaookoa injini nzima.

FUNZO KUTOKA CHINI YA ZIWA

Ziwa letu lenyewe lina historia inayolihusu swali hili. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliona watashindwa, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene kila mahali.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Injini ilikuwa imelala majini kwa karibu miaka minane, na mtu mwenye pupa angeamuru itupwe. Wao waliikagua. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake, na chuma kilikuwa kizima. Ikasafishwa, ikatengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na mvuke ule ule.

Katika miaka ya 1970 uamuzi ukawa mwingine: injini za mvuke ziling'olewa na mahali pake zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ikafanyiwa tena ukarabati mkubwa. Bodi ya meli ni ile ile ya mwaka 1913, lakini moyo wake umebadilishwa.

Kwa nini mwaka 1924 itengenezwe, na miaka hamsini baadaye ing'olewe? Kwa sababu maswali yalikuwa mawili, siyo moja. Swali la kwanza lauliza: mwili wa injini ni mzima? Mwaka 1924 vipimo vilijibu ndiyo. Swali la pili lauliza: injini hii itaweza kulishwa na kutunzwa katika miaka ijayo? Kufikia miaka ya 1970 zama za mvuke zilikuwa zimepita, na chuma kizima kisichokuwa na mwenzake madukani ni mzigo tu. Gari la kikosi nalo liulizwe maswali hayo mawili. Injini nzima ambayo spea zake hazipatikani tena haifai kujengwa upya. Na injini ambayo spea zake zimejaa Buyenzi, lakini bloku yake imepasuka, haifai vilevile.

HESABU YA UKWELI

Maadamu fedha ni haba, hushawishika mtu kushika njia ya katikati: injini hufunguliwa, ringi mpya huvishwa juu ya pistoni za zamani, ndani ya silinda zilizokwisha kuwa za yai, kisha hufungwa. Hiyo huitwa ovaholi, lakini ni ovaholi kwa jina. Ringi ya duara haiwezi kuziba tundu la yai. Miezi michache baadaye moshi wa bluu hurudi, na gharama ya kufungua, ya gasketi na ya oili hulipwa tena. Anayehesabu sawasawa ataona kwamba utengenezaji mdogo ulio sahihi ni rahisi, ujenzi kamili ni ghali, na nusu ya ujenzi ni ghali kuliko vyote viwili.

Mafundi wazoefu wana kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa. Gharama ya kutengeneza ikifika nusu ya gharama ya kujenga upya, simama ufikiri mara ya pili. Katika hesabu hiyo tia pia mafuta. Injini iliyochoka hutumia dizeli nyingi zaidi kwa safari ile ile, na katika nchi inayopanga foleni kwenye vituo vya mafuta, kila lita iliyopotea ni doria isiyofanyika.

Njia ya tatu ni kununua injini iliyokwisha kutumika, iliyoletwa kutoka ng'ambo. Mara nyingine ndiyo njia nafuu, hasa bloku ikiwa imetoboka. Lakini injini hiyo ni mgeni asiyekuwa na barua. Ipimwe mgandamizo na oili yake itazamwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kadhalika, namba ya injini si pambo. Ikibadilishwa injini, namba mpya haina budi kuandikwa katika hati za gari. La sivyo askari anayekagua magari ya wengine barabarani atajikuta anaendesha gari lisilolingana na karatasi zake.

AMRI NA SUBIRA

Majeshi huzigawa kazi za matengenezo kwa ngazi. Dereva hukagua maji, oili na mikanda. Gereji ya kikosi hubadili sehemu. Gereji kuu hufungua injini na kuijenga. Mpango huu una hekima. Haumkatazi dereva wa Gitaza kufunga mpira wa maji uliopasuka ili afike mjini. Humkataza kudhani kwamba kufika mjini ndiko kupona. Matengenezo ya kando ya barabara yaandikwe daftarini siku ile ile, ili fundi ajue kwamba injini hii iliwahi kuchemka, au iliwahi kulala majini.

Hata hivyo, tuseme kweli: injini nyingi haziuawi na madereva. Huuawa na amri. Taa ya oili imewaka, dereva amesema, naye ameambiwa asonge mbele kwa kuwa wakubwa wanangoja. Ziko safari ambazo hazina budi kuendelea, na amiri ana haki ya kuitoa injini mhanga ili kuokoa watu. Lakini aitoe akijua, wala asiseme baadaye kwamba gari lilikuwa bovu. Katika safari nyingine zote, dakika kumi za kusimama na kutazama ni nafuu kuliko majuma sita ya kungoja krenki kutoka Dar es Salaam.

Injini iliyojengwa upya nayo yataka subira. Katika kilomita 1,000 za mwanzo isibebeshwe mzigo mzito wala kukimbizwa. Oili yake ibadilishwe mapema, kwa maana chembe za chuma kipya hutoka katika siku hizo. Kikosi kinacholipokea gari kutoka gereji kuu asubuhi na kulijaza askari na mizigo jioni, kimeitupa kazi yote iliyofanyika.

Barabara ya Gitaza yenyewe imepitia uamuzi wa namna hii. Mashimo ya lami hufukiwa. Lakini lami iliyochakaa kwa kilomita nyingi haiokolewi kwa kufukia. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba viraka havitoshi.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, na kila dereva aikumbuke methali hiyo asubuhi anapofungua boneti. Lakini ufa ukisha kutokea, anayeitwa kuuziba na aguse kwanza ukuta wote kwa kiganja chake. Ukiwa imara, azibe ufa na aende zake. Ukitikisika, asipoteze udongo wake. Aubomoe na kuujenga, wakati askari bado hawajaketi chini yake.